Sheria Haina Rula

Mimi ni fundi wa viti. Naivua sofa kitambaa chake cha zamani, natengeneza kilichovunjika ndani, kisha naivisha upya. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, na kwa kuufumua na kuushona tena mto wa kiti cha mama, nyumbani Kibera, mpaka ukakubali kukaa sawa. Mama alikalia stuli muda wote huo na hakulalamika sana.

Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba kisu si kitu kigeni mikononi mwangu. Mshono wa fundi wa zamani huwa umekazwa hadi mkasi haupati pa kuingilia. Kinachoingia ni kisu kidogo cha kukunja, chenye makali ya kutosha kukata uzi bila kugusa mbao. Ukimaliza unakirudisha ndani ya mpini wake na kukitia mfukoni.

Changu nilipewa na mama asubuhi niliyoanza kwenda kazini Kawangware, kituo cha 46. Nilikuwa mlangoni nikifunga viatu. Alikifuta kwa kanga yake na kunipa bila sherehe.

"Shika. Ya kujikinga."

"Mama, mimi naenda kushona viti."

"Basi shonea viti. Lakini njiani ni ya kujikinga. Hiyo safari yako si ya kutembea mikono mitupu, na wewe ni msichana."

Safari yenyewe naifanya kwa miguu. Natoka upande wetu unaopakana na mtaa wa Ayany, navuka Barabara ya Ngong, nashika ya Naivasha mpaka 46. Napenda kutembea kwa sababu nikifika ninakuwa nimeshashona sofa nzima kichwani. Jioni narudi vilevile. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kisu kile kilikuwa na kazi mbili, ya mchana na ya njiani, na mimi nilidhani ni kazi moja.

Ni lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Mshono wangu ukienda kando kwa upana wa uzi, naufumua wote. Nikituma ujumbe, nausoma tena baada ya kuutuma, nikitafuta kosa ambalo siwezi tena kulirekebisha. Mlango nikiufunga, nasukuma kuhakikisha, halafu nasukuma tena kwa sababu labda ule msukumo wa kwanza ndio ulioufungua. Watu hucheka. Lakini tabia hiyohiyo ndiyo iliyonipatia bahati kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Msimamizi wa karakana moja kubwa ya Barabara ya Ngong, wanaotengeneza viti vya hoteli, aliona kiti nilichoshona, akapitisha kidole kwenye kona yake, akauliza ni nani aliyeishona kona hiyo. Nilipoitwa, hakunisifu. Alisema tu nije nikiwa na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na kwamba nafasi ipo.

Cheti hicho unakipata baada ya kuchukuliwa alama za vidole, nao polisi wanaangalia kama una kesi. Mimi sikuwa na kesi yoyote. Nilijiandikisha, nikapangiwa siku. Lakini kati yangu na siku hiyo kulikuwa na asubuhi nyingi na jioni nyingi, na katika kila moja nilikuwa na kisu mfukoni. Nikaanza kuogopa. Nikishikwa na kisu leo, kesho alama zangu zitasema nini?

Niliuliza pale karakana yetu ya 46, na hilo lilikuwa kosa. Mwenzangu wa kazi, yule anayejaza sponji kwenye mito, ni kijana aliyekuja Nairobi kutoka pande za ziwani, na hakuna jambo asilolijua.

"Siste, hiyo kisu yako ni ndefu aje?"

"Kwa nini?"

"Ikipita kidole ya kati, umeenda ndani. Ikiwa fupi, karao anakurudishia na kukwambia pole."

"Kidole cha nani?"

"Chako."

"Na kama afande anapima kwa chake?"

"Basi omba ushikwe na afande mrefu."

Mama anayetuuzia chai alikuwa ameweka birika chini ili asikilize vizuri. "Mwache huyo na vidole vyake," akaniambia. "Kisu haipimwi. Wewe beba na chungwa. Kisu peke yake ni ya kuua mtu. Kisu na chungwa ni chakula ya mchana."

Nilicheka pamoja nao. Halafu jioni, bila mtu kuniona, nilikipima kisu changu kwa tepu ya kazi, kisha nikapima kidole changu cha kati, na njiani kurudi nikanunua chungwa. Nilitembea nalo wiki ile yote. Nilikuwa nikishikwa na njaa na kuliangalia, nikashindwa kulila kwa sababu ningekuwa nimemla shahidi wangu. Mwishowe lilianza kulainika upande mmoja na kutoa harufu ndani ya begi. Mwenzangu alinusa, akalitoa kwa vidole viwili na kulinyanyua juu wote walione.

"Shahidi amekufa, siste. Mzike."

Ndipo nilipoamua kusoma sheria yenyewe. Mtu aliyejifundisha kushona kwa simu anaweza kujifundisha na sheria kwa simu, nilijiambia. Nikaitafuta Kanuni ya Adhabu, nikaanza kuisoma wakati wa mapumziko, nimekalia magunia ya sponji. Kiingereza cha sheria si kile cha shuleni. Sentensi inaanza vizuri, inaingia vichochoroni, na ikitokea upande wa pili umesahau ilikuwa ikimsema nani. Lakini sikuwa na haraka. Nilikuwa natafuta kipimo. Inchi, sentimita, chochote. Mtu kama mimi akipewa kipimo anatulia, kwa sababu kipimo kinaweza kutimizwa. Nilisoma vifungu vya silaha, vya wizi, vya kujiandaa kutenda uhalifu, nikasoma na sheria ya mikutano ya hadhara. Sikuona kipimo popote. Nikahisi nimesoma vibaya, nikarudia tangu mwanzo.

Huku kwetu Kibera kuna ofisi ndogo ya mabati ambako watu husaidiwa mambo ya kisheria bila malipo: mambo ya nyumba, ya matunzo ya watoto, ya mtu aliyeshikwa. Nilienda Jumamosi. Niliyemkuta ni mama wa makamo, akila githeri kwenye bakuli, na hakuacha kula.

"Nataka kujua kisu cha kukunja kinatakiwa kiwe na urefu gani," nikasema.

"Urefu?" Akatafuna. "Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Mpenzi, kila mtu huja hapa na rula. Sheria haina rula. Inauliza kitu chenyewe kimetengenezwa kuumiza mtu, au kimebadilishwa ili kiumize. Ikiwa sivyo, inakugeukia wewe: umekibeba ukikusudia nini? Ulikuwa wapi, ukifanya nini, na ulisema nini ulipoulizwa? Panga kwa shamba ni ya kulima. Panga hiyohiyo chini ya dirisha ya mtu ni kesi."

"Na kwenye mkutano wa siasa, au maandamano?"

"Huko usipeleke hata wembe."

Nilianza kupumua vizuri. Haya mambo niliyaweza. "Kwa hiyo mimi nikiulizwa, niseme tu ni ya kujikinga."

Kijiko kilisimama. "Kujikinga na nini?"

"Na watu wabaya, njiani."

"Utajikinga aje?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. "Nitakitoa."

"Utamwonyesha kama picha?"

"Akinikaribia..."

"Akikukaribia utamdunga. Basi umeniambia kwa mdomo wako kwamba umebeba kitu cha kudunga mtu. Humjui ni nani, hujui ni lini, lakini nia umeshaitaja. Mtu akikushambulia ukajitetea, hiyo ni habari ya siku hiyo na sheria ina namna ya kuiangalia. Lakini kutembea nayo kila siku ukiingoja hiyo siku ni kitu kingine. Wengi wanaoletwa kwetu na kesi za visu hawakukosa kazi. Walikosa jibu."

Nilitoka pale nikiwa nalifikiria neno hilo tu. Kwetu kujikinga ni neno safi. Tunajikinga na mvua, na baridi, na malaria. Hata kwenye kuta za zahanati wameandika kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Mtu wa Kibera akiulizwa kwa nini ana kisu, atakwambia ni ya kujikinga, na atasema akikutazama usoni, kwa sababu ndilo jibu la mtu mwema. Mwizi ndiye hushambulia. Sisi tunajikinga. Hatujui kwamba jibu hilo ndilo linalokifanya kisu cha kukatia nyanya kiwe silaha. Tunajifunga wenyewe tukidhani tunajieleza.

Mimi si wakili, na kila kesi ina hakimu wake. Naeleza nilivyoelewa. Lakini nililielewa vizuri, na nililielewa mwenyewe, na furaha ya kuelewa kitu mwenyewe naijua tangu ule mto wa mama.

Mama, kwa upande wake, hakufurahi.

"Mama, usiseme tena ni ya kujikinga."

"Niseme ni ya nini? Ya kukata keki?"

"Ni ya kazi."

"Kazi iko mchana. Njia iko jioni." Alikuwa akichambua mchele, na hakuinua macho. "Huyo wa githeri anarudi nyumbani na nani?"

Niligeuka kulipanga begi langu. Vyombo vyangu vingine, nyundo ndogo, koleo, mkasi na sindano iliyopinda, hukaa ndani ya kitambaa kigumu nilichokishona mwenyewe, ambacho nakikunja na kukifunga kwa utepe kabla ya kukitia kwenye begi. Kisu kiliendelea kukaa mfuko wa kulia wa koti. Kuna kipande cha njia ambako maduka yanaisha na ukuta mrefu unaanza; kila jioni nikifika hapo mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe, na kidole gumba kikatulia juu ya mpini. Nilijiambia ni mazoea ya kazi. Nilikuwa nimeshaisoma sheria, kwa hiyo nilijua ninachojiambia si kweli. Lakini mwili haukuwa umesoma.

Siku mbili kabla ya kwenda kuchukuliwa alama, mimi na mwenzangu tulikuwa nyumbani kwa mteja mmoja Kawangware, mama aliyekuwa akingoja wageni wa mahari ya binti yake. Alitaka sofa yake kubwa ivae kitambaa kipya kabla hawajaingia. Tulikuwa tumebakiza mgongo tu uzi ulipotuishia. Mteja alikuwa na uzi wake mwingine wa kahawia, akaniletea. Niliuweka juu ya kitambaa, nikautazama.

"Sio huu," nikasema.

"Ni kahawia," akasema mteja.

"Ni kahawia nyingine."

Mwenzangu aliangalia dari. "Siste, wageni wanakuja kukalia, hawaji kusoma. Nani ataona?"

"Mimi."

Basi tukatoka kwenda dukani. Jua lilikuwa linashuka lakini mwanga ulikuwepo wa kutosha, na wauzaji wa mboga walikuwa wamejaa pembezoni mwa barabara wakiwahi wanaotoka kazini. Niliupata uzi. Tulikuwa tunarudi, mimi nikiwa nimeushika mkononi kwa sababu sikutaka ushike vumbi la mfukoni, ndipo askari wawili wa doria waliposema tusimame. Mmoja alikuwa mwanamume, kijana wa rika letu. Mwingine alikuwa mwanamke, mkubwa kidogo, na ndiye aliyenipekua. Mkono wake ulifika mfuko wa kulia na kutulia.

"Hii ni nini?"

"Ni kisu cha—"

"Afande, huyu ni dem," mwenzangu akaingilia, akitabasamu kwa meno yote. "Hutembea mbali, mpaka Kibera. Hiyo ni ya kujikinga tu. Huyu hawezi kuchinja hata kuku."

Nilimgeukia nikamkazia macho. Alikuwa amelitaja neno lenyewe, kwa wema, kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia.

"Kujikinga," akasema yule askari kijana. Alilisema polepole kama mtu anayeonja chumvi. "Na nani?"

"Na wasee wabaya. Si mnaijua hii mtaa."

"Kwa hivyo amebeba, anangoja msee."

"Sio kungoja, afande, ni..." Mwenzangu akanigeukia. Hakuelewa kwa nini ninamtazama vile.

Karibu nasi palikuwa na mama mboga akikatakata sukuma wiki kwa kasi ile yao, majani yakiteremka kwenye karatasi kama nyasi. Hakuinua kichwa. "Kama kisu ni makosa, anzeni na mimi. Yangu ni ndefu kama mkono ya huyo msichana."

Watu wakacheka. Mtu mmoja akasema, "Mpigeni pingu na sukuma yake!"

"Mama, wewe uko kazini," akasema askari kijana.

"Na yeye mmemuuliza yuko wapi? Mnauliza kijana. Kisu imetoka kwa mfuko ya kijana?"

Askari mwanamke alinitazama kwa mara ya kwanza. "Haya, sema mwenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kuliko mtihani wowote. Nilikuwa na sentensi tatu, fupi, zilizopangwa. Zote zilikimbia. Kilichobaki ni uzi mkononi, kwa hiyo nikauinua.

"Niko kazini. Mimi ni fundi wa viti. Nimetoka kununua huu uzi, na sofa ninayoishona iko nyumba ya pili baada ya kona ile. Twendeni muione."

"Msichana, fundi wa viti?" akauliza yule kijana.

"Ndiyo."

"Na vyombo vyako vingine viko wapi?" Huyo alikuwa mwanamke.

"Kwa mteja."

"Nyundo?"

"Iko huko."

"Mkasi?"

"Huko."

"Kwa hivyo umeacha kila kitu," akasema, akikipindua kisu changu kiganjani, "ukabeba kisu peke yake kwenda kununua uzi."

Hakuna aliyecheka tena. Hata sukuma ilikuwa imesimama. Alikuwa ameuliza swali ambalo sheria yote niliyoisoma juu ya magunia ya sponji ilikuwa inalizunguka, na alikuwa ameliuliza vizuri kuliko ilivyoandikwa. Niliziona alama za vidole vyangu zikichukuliwa siku mbili kabla ya wakati wake, katika ofisi nyingine. Niliona kona za viti vya hoteli zikishonwa na mtu mwingine, vibaya.

"Ndiyo," nikasema. Sikuwa na la kuongeza ambalo lilikuwa kweli.

"Twende tuone hiyo sofa," akasema yule mwanamke.

Mteja wetu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Mmepotelea wapi? Wageni ni kesho na kochi yangu iko uchi mgongo—" Akawaona walio nyuma yetu. "Kuna nini?"

"Unamjua huyu?" akauliza askari kijana.

"Namjua? Huyu ndiye amekataa uzi wangu! Nilimpatia uzi mzuri kabisa, akaniambia eti ni kahawia nyingine. Afande, sijui amefanya nini, lakini kama ni kumshika, mshikeni akimaliza."

Askari kijana alicheka kwa sauti, na nikajua sehemu moja imekwisha. Aliingia akaizunguka sofa, akabonyeza mto, akakaa, akasimama haraka alipoona macho ya mteja. Lakini mwenzake hakwenda kwenye sofa. Alikwenda pale sakafuni nilipokuwa nimekikunjua kitambaa cha vyombo vyangu. Alichuchumaa.

"Hii umeshona mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ni safi. Kila kitu na kifuko chake." Akapitisha kidole: nyundo, koleo, mkasi, sindano. Akafika mwisho. "Ya kisu iko wapi?"

Nilikitazama kitambaa changu kama mtu aliyeonyeshwa tundu katika nguo aliyovaa siku zote. Nilikipima na kukikata mimi. Nilifumua kifuko cha koleo nikakishona tena kwa sababu kilikuwa kimeinama. Na katika kupima kote huko sikuwahi kukikatia kisu nafasi, wala sikuwahi kugundua kwamba sijakikatia.

"Haipo," nikasema.

"Yule mwenzako alisema ya kujikinga. Alidanganya?"

Mwenzangu alikuwa amesimama kando ya dirisha, meno yameisha usoni. Nafikiri alikuwa ameshaanza kuelewa. Ningesema ndiyo. Lingekuwa neno dogo, na yeye mwenyewe asingelikataa. Niliona kwamba yuko tayari kulibeba. Lakini neno lile la kujikinga alilipata kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia, siku zangu za kwanza pale karakana, alipoona kisu na kuuliza.

"Hakudanganya. Mimi ndiye nilimwambia hivyo zamani, kabla sijajua maana yake."

"Na sasa unajua?"

"Najua. Sijakibeba kumwumiza mtu. Nakikalishia mkono nikipita mahali pabaya, halafu napita. Lakini najua hiyo nayo si kazi ya kiti."

Alisimama kutoka pale alipochuchumaa. Mimi, mtu wa kusoma ujumbe niliokwisha kuutuma, niliirudia sentensi yangu kichwani nikitafuta kosa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuona la kubadilisha.

"Hata mimi nikiwa siko na hizi nguo huogopa kutembea," akasema, si kwa sauti kubwa. Kisha akaninyooshea kisu, mpini ukiwa upande wangu. "Chombo cha kazi kinakaa na wenzake. Kitengenezee mahali. Nikikupata tena nayo mfukoni, hatutaongea mambo ya kochi."

"Nitakitengenezea."

"Saa hii."

Nilikaa sakafuni. Nikakata kipande cha kitambaa kilichobaki cha sofa, nikakikunja, nikakishona mwishoni mwa safu kwa ule uzi wa kahawia tuliotoka kuununua. Wote wanne walikuwa wamenisimamia. Mshono uliinama tangu mwanzo na ukaendelea kuinama, na mteja aliyekuwa akiuchungulia akasema, "Ona! Huo ndio uzi sahihi?" Askari kijana akacheka tena. Nilipokitia kisu ndani, yule mwanamke aliitikia kwa kichwa, akamwita mwenzake, wakatoka.

Mwenzangu alingoja mpaka hatua zao zilipoisha. "Siste, mimi nilikuwa nakusaidia."

"Najua."

"Sasa ningesema nini?"

"Kazi."

"Kazi tu?"

"Kazi tu. Lakini iwe kweli."

Tulimaliza mgongo wa sofa ile jioni ile, na ulinyooka.

Nyumbani nilimweleza mama kila kitu, nikamwonyesha kisu kilipo, chini kabisa ya begi, kimekunjwa ndani ya kitambaa, kimefungwa kwa utepe.

"Na mtu akitokea, utamwambia angoje ufungue utepe?"

"Nitakimbia, mama. Nitapiga kelele na kukimbia."

"Na viatu hivyo?"

"Nitavaa vingine."

Aliviangalia viatu vyangu. Halafu akasema niwe natoka kazini mapema, na kwamba kwenye ule ukuta mrefu nivuke upande wa pili wa barabara wenye taa. Nilishangaa kwamba hatukuwahi kuzungumza hivyo tangu mwanzo. Tulikuwa tumekiachia kisu mazungumzo yote. Jioni iliyofuata nilipofika penye ukuta, mkono uliingia mfukoni wenyewe na haukukuta kitu. Niliogopa, sitaficha. Nikavuka, nikapita chini ya taa na mikono nje.

Siku ya alama nilienda moja kwa moja kwenye ofisi za polisi nikiwa na begi la kazi, kwa kuwa kulikuwa na kiti kinaningoja 46 baada ya hapo. Usiku wake nilikuwa nimefikiria kuviacha vyombo nyumbani, nikaona hapana. Langoni palikuwa na mlinzi mwenye kidude cha kukagulia, na foleni ya vijana waliovaa nguo zao za kanisani, kila mmoja na karatasi zake. Niliusikia moyo wangu ukipiga nilipomkaribia, lakini ulikuwa unapiga tu kama mashine inayofanya kazi yake.

"Ndani ya begi kuna nini?" akauliza.

"Nyundo, koleo, mkasi, sindano, na kisu cha kukunja," nikasema, kabla hajalifungua. "Vya kushonea viti. Nikitoka hapa naenda kazini."

Alifungua utepe, akaona safu yote, akagusa kile kifuko cha mwisho kilichoinama. "Hii kona imekushinda, fundi," akasema. "Viache hapa kwa meza. Utachukua ukitoka."

Nikaviacha, nikaingia ndani kupaka vidole wino.